Binti ananuna: usingizi au mawazo?

Juni, saa 11 alfajiri, kituo cha daladala Uyole, Mbeya. Baridi inauma. Binti wa kidato cha tatu kasimama na sweta, mikono kwapani. Ukimsalimia anaitikia kwa kichwa tu. Mama yake anasema ni kiburi, mwalimu anasema ni simu. Mimi namhesabia saa: jana alifunga daftari saa 5 usiku, leo kaamka saa 10. Ni saa tano, ilhali wataalamu wa usingizi wanasema umri wake unahitaji nane hadi kumi.

Wazee wana jibu: sisi tuliamka hivyo hivyo, tukafaulu. Sawa. Ila mwili wa kijana balehe huchelewesha melatonini, homoni ya kuleta usingizi, hivyo kumwambia alale saa 3 ni kumlaza macho wazi. Na Mbeya ina la ziada: iko magharibi lakini inatumia saa ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo Juni jua linatoka karibu saa 1. Mwanga wa asubuhi ndio unaorekebisha saa ya mwili, na huyu anaamka zaidi ya saa mbili kabla yake.

Wanaolaumu mawazo nao hawajakosea. Aaron Beck, daktari wa Marekani, alionyesha tangu miaka ya 1960 jinsi fikra zinazojileta zenyewe zinavyolisha huzuni. Mtoto kapata 38 ya hesabu, kichwa kinamwambia "mimi sina akili, nyumbani nawapotezea ada." Wazo hilo linamkeshesha, kesho linarudi na nguvu zaidi kwa sababu kachoka. Tena yuko anayelala kwa muda wa saa kumi na bado amezama; huyo kuchelewesha kengele ya asubuhi hakumsaidii, anahitaji mtu wa kuzungumza naye, pengine daktari.

Lakini kwa wengi ningeanza na kengele. Kumfundisha mtu kuhoji mawazo yake akiwa anasinzia ni kazi bure. California tangu 2022 inazuia sekondari nyingi kuanza kabla ya saa 2:30 asubuhi. Hapa kwetu mzazi anayewahi sokoni Mwanjelwa hawezi kumwacha mtoto nyumbani hadi muda huo, naelewa. Masomo ya ziada ya alfajiri, hata hivyo, yanaweza kusimama muhula mmoja tukaona.

Jumapili binti yuleyule analala mpaka saa 2. Akiamka anaosha vyombo huku anaimba.