Tusiiache chupa ya kioo

Ndugu wanaonitembelea hapa Leipzig hupenda kuyapiga picha mapipa ya taka. La bluu la karatasi, la njano la plastiki na makopo, la kahawia la maganda na makombo, jeusi la kinachobaki. Wakirudi Dar wanasimulia kwamba kila nyumba ikipewa mapipa kama hayo, mji utang'aa. Mimi sikubaliani nao. Mapipa ni kitu cha mwisho tunachopaswa kukiiga huku.

Cha kuiga ni ile mashine ya chupa tupu iliyo kwenye maduka makubwa. Tangu 2003 maji na soda za chupa ya plastiki huuzwa pamoja na dhamana, ambayo leo ni senti 25 za yuro, na makopo ya vinywaji ni vivyo hivyo. Ukishakunywa unaitumbukiza chupa kwenye mashine, inakupa stakabadhi, unalipwa taslimu au unapunguziwa kwenye manunuzi. Chupa karibu zote zinarudi. Hakuna aliyehubiriwa mazingira. Ni hela yake, hawezi kuitupa mtaroni. Asiyetaka usumbufu wa kuirudisha huiweka chini kando ya pipa la barabarani, ili mwenye shida aichukue bila kuingiza mkono kwenye uchafu. Desturi hiyo naipenda sana.

Lakini hebu tukumbuke, sisi jambo hili tunalo! Ukienda dukani kwa Mangi kununua soda ya kioo bila chupa tupu, unaacha hela ya chupa au unainywa hapohapo umesimama. Chupa inarudi kwenye kreti, kreti linarudi kiwandani, chupa inaoshwa na kujazwa tena. Urejelezaji wa plastiki haufikii hapo hata kidogo, kwa sababu plastiki lazima isagwe na kuyeyushwa, na mara nyingi inatoka dhaifu kuliko ilivyoingia. Chupa ya kioo inabaki chupa. Sasa kila nikija likizo naona kreti zinapungua na plastiki inajaa, hasa kwenye sherehe, na watu wanaona ndiyo usasa. Huku wanakouona huo usasa, bia bado inabebwa kwa kreti za chupa za kioo, kila chupa na dhamana yake ya senti 8.

Nisiwapambe Wajerumani kupita kiasi. Vifungashio vinavyotupwa nchini humu, ukigawa kwa idadi ya watu, vinazidi kilo 200 kwa kila mmoja kwa mwaka. Sehemu kubwa ya kinachoingia pipa la njano huishia kuchomwa moto. Na kabla China haijafunga milango mwaka 2018, plastiki nyingi ya Ulaya ilipakiwa melini ikapelekwa huko. Wanatenganisha kwa ustadi taka ambazo nyingi hazikuwa na sababu ya kuwepo.

Nyumbani dumu la mafuta ya kula likiisha linakuwa dumu la maji. Likitoboka linakatwa, linapandwa maua. Tairi linakuwa makatambuga, bati chakavu linakuwa jiko la mkaa. Kinachonisikitisha ni kwamba tunayafanya haya tukiyaonea aibu, kama alama ya ufukara, na mtu akipata hela kidogo ndiyo ya kwanza kuachana nayo. Wakati huohuo Ulaya, tangu 2009 pale Amsterdam, majirani wamekuwa wakianzisha vikao vya kutengenezeana birika na redio zilizoharibika, na magazeti yanawasifu. Fundi redio wa mtaani kwetu anastahili sifa hizohizo, na wateja zaidi.

Kuhusu kutenganisha, ndoo mbili zinatosha. Uzito mkubwa wa taka za nyumba zetu ni maganda na mabaki ya chakula. Yakikaa peke yake ni mbolea, au chakula cha mbuzi wa jirani. Yakichanganywa na plastiki kwenye gunia moja, yote mawili yanakuwa mzigo wa dampo la Pugu.

Na tusiambiane kwamba Watanzania hatubadiliki. Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku na watu wakarudi kwenye vikapu na mifuko mbadala. Sheria iliyoweza kuondoa mfuko inaweza kuweka dhamana kwenye chupa ya maji. Waokota chupa tayari wapo, wanaziuza kwa kilo kwa bei ya kuwanyonya. Dhamana ingewapa kipato cha maana kwa kazi ileile wanayoifanya juani.

Sheria hiyo bado haijaja, lakini michango ya harusi inaendelea kila wiki. Walio kwenye kamati ya vinywaji, agizeni soda za kreti. Msambazaji analeta zilizojaa, na kesho yake anapita kuchukua tupu.