Umbo la obiti halituambii nyota zimelala vipi

Kuna dhana kuhusu nyota pacha ambayo natamani tuiache: kwamba jozi inayozungukana kwa duara lazima mihimili yake (mistari ambayo kila nyota hujizungusha juu yake) imesimama wima juu ya obiti, yaani njia ya kuzungukana, na yenye obiti ya duaradufu ndefu mihimili yake imelala.

Dhana hii ina msingi. Nyota zilizo karibu huvutana hadi zikavimba, kama Mwezi unavyoijaza bahari, na msuguano wa ndani hula nishati kidogo kidogo. Obiti huelekea kuwa duara na mihimili hunyooka. Tena mhimili kwa kawaida hunyooka kwanza, maana nguvu ya nyota kujizungusha yenyewe ni ndogo sana ukilinganishwa na mwendo wa obiti nzima.

Sasa tazama jozi iitwayo DI Herculis. Nyota zake huzungukana kwa siku 10.5 hivi katika duaradufu iliyorefuka sana. Duaradufu hiyo yenyewe hugeuka angani polepole, lakini kwa miaka mingi vipimo vilionyesha inageuka taratibu mno kuliko hesabu zilivyotaka, hata wengine wakaanza kuitilia shaka nadharia ya Einstein ya uvutano. Mwaka 1985 mwanafizikia wa nyota Shakura alipendekeza kwamba huenda mihimili imelala. Nyota iliyovimba kiunoni, ikilala ubavu, huirudisha nyuma obiti badala ya kuisukuma mbele. Ikabidi kusubiri hadi 2009, mwanaastronomia Albrecht na wenzake walipopima: nyota zote mbili zimelala karibu kabisa. Einstein hakuwa na kosa. Linaloniuma ni kwamba kwa muda wote huo wima wa mihimili ulichukuliwa kuwa jambo lisilohitaji kupimwa.

Lakini obiti ndefu haitoshi kuwa ushahidi. Jozi nyingine, V1143 Cygni, ina duaradufu iliyorefuka kuliko hiyo, na mihimili yake imenyooka. CV Velorum nayo ni kinyume: obiti duara, siku karibu 7, na bado nyota moja imeinama waziwazi.

Kipimo chenyewe huhitaji nyota moja ipite mbele ya mwenzake. Kwa kuwa nyota inayofunikwa inajizungusha, upande wake mmoja hutujia na mwingine hutukimbia; ukifunikwa kwanza unaotujia, kisha unaotukimbia, rangi ya mwanga husogea kwa mpangilio unaofichua mwelekeo wa mhimili. Jozi zisizofunikana hivyo hazipimiki kwa njia hii. Kwa hizo, ningependa nafasi ya mhimili iachwe wazi kwenye majedwali kuliko kujazwa sifuri, yaani haujainama, kwa sababu tu obiti ni duara.