Kwangu Hakuna Taka

Jana saa tatu usiku, nimeshavua shati, tonge la kwanza liko njiani, simu ikalia. Kundi la wazazi. "Wapendwa wazazi, kesho kila mtoto aje na gari alilolitengeneza mwenyewe kwa vitu visivyotumika nyumbani." Kesho! Na huyo mwenyewe kalala tangu saa mbili, mdomo wazi.

Sasa niambieni, vitu visivyotumika, nyumbani kwa nani? Kwangu kopo la Blue Band lina chumvi. Kopo la aiskrimu msilifungue kwa furaha, lina maharage. Boksi la viatu ndiyo ofisi: vyeti vya kuzaliwa vimo, risiti zimo, kadi ya kliniki imo. Trei la mayai ni la Mangi na analidai. Nikanyoosha mkono kwenye kindoo cha rangi, Mama Nasra akanitazama tu. Ndicho tunachoogea.

Alfajiri nikamvizia kijana anayeokota chupa, anapita na kiroba kikubwa kuliko yeye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Niuzie chupa nne."

"Nauza kwa kilo."

"Nne tu, za nusu lita, zinazolingana."

"Nne hazitikisi hata mzani, mzee."

"Basi nipe na vifuniko, nifanye magurudumu."

"Vifuniko vina kiroba chake. Na bei yake."

Nikanyoosha mgongo. Nikamweleza kwa utulivu kwamba anaongea na mzazi, na hapa tunazungumzia elimu ya taifa. Akaniuliza mtoto yuko darasa la ngapi. La pili. Akanionea huruma waziwazi. "Mbona tutaonana sana."

Tukiwa tunachagua, nikaona chupa ina plasta, imeandikwa SIKI kwa mwandiko wa mke wangu.

"Hii si yangu?"

"Ilikuwa."

Nimelipa buku, jamani. Nimenunua chupa yangu mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, na bado inanuka siki.

Msumari nikauchoma kwenye mkaa, nikatoboa chupa na kidole gumba kwa pamoja. Ekseli ni njiti za mishikaki. Gurudumu moja likagoma, gari likawa linachechemea kama mimi ninavyotoka kazini. Enzi zetu magurudumu tulikata kwenye kandambili za baba, tukala fimbo. Hakuna aliyetupa alama.

Huko shule, mtoto wa jirani kaja na lori. Lina taa. Linanuka vanishi, na fundi seremala wa mtaani tunamjua wote. Kapata kumi. Mimi, samahani, Nasra, kapata sita, na wino mwekundu: "Mtoto aongeze bidii." Mtoto! Kidole gumba changu kimevimba kama kitumbua, halafu mtoto ndiye aongeze bidii!

Jioni narudi naye, gari mkononi, konda wa daladala akaniambia mzigo unalipiwa. Mzigo gani, chupa nne na njiti? Akasema linachukua nafasi. Na aliyepanda na kuku watatu nyuma yangu hakuulizwa kitu, mmoja kanidonoa kisigino mpaka Rangi Tatu, nikigeuka mwenyewe anatazama dirishani kana kwamba kuku wamepanda wenyewe.