Godoro la Mlinzi

Nina miaka 52 na ninalalia godoro tulilonunua mwaka aliozaliwa Neema. Neema sasa yuko chuo, mwaka wa pili. Katikati ya godoro lile pana bonde. Usiku mimi na mama Neema kila mtu anaanza na ukingo wake, alfajiri tumekutana bondeni kama maji ya mvua. Nimelisemea miaka. Jibu ni moja: "Tutaangalia mwisho wa mwezi." Basi mwisho wa mwezi umefika na hela ya godoro imepatikana. Godoro la mbwa.

Mbwa mwenyewe anaitwa Kamanda. Chotara wa wale wa Kijerumani, wale wa polisi. Alikuja kwetu akiwa anaenea kwenye kofia, na miaka 11 kalinda geti letu hapa Sakina. Siku hizi akitaka kuinuka anaanza na mbele, anapumzika, anatafakari, ndipo anaivuta nyuma. Na baridi ya Arusha ya mwezi wa saba mnaijua. Mwizi anaweza kuingia, akachemsha chai, akanywa, akaosha kikombe, Kamanda bado yuko nusu ya kuinuka.

Neema kaja likizo, kamwona, machozi. Akaitwa bwana mifugo. Akamshika nyonga, akamnyoosha mguu polepole, ametega sikio kama fundi anayesikiliza injini. Baridi yabisi, akasema. Gegedu la nyonga limelika, mfupa unasugua mfupa, na hawa wa Kijerumani nyonga ndiyo ugonjwa wa ukoo. Akamgeuza kiwiko: manyoya hakuna, sugu tupu, ngumu kama kisigino cha mpagazi.

"Analala wapi?"

"Bandani."

"Juu ya nini?"

"Saruji."

Akanitazama kama vile ugonjwa wenyewe ni mimi. Nikasimama kujitetea, goti langu likalia kah! Hakuna aliyegeuka.

Mama Neema akashauri mbwa apewe diklofenaki zangu za kabatini. Bwana mifugo nusura amwage begi. Dawa za maumivu za watu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibia figo, atakula kile tu atakachoandikiwa yeye, kwa uzito wake. Nikashukuru kimoyomoyo, angalau vidonge vyangu vimepona. Uzito tukaenda kuupima kwa jamaa wa vyuma chakavu: kilo 41. Jamaa akauliza namuuza kwa bei ya shaba au ya bati.

Neema akaanza kunionyesha kwenye simu vitanda vya mbwa vya Ulaya. Kuna sponji, anasema, inakumbuka umbo la aliyeilalia. Mimi funguo zangu sikumbuki nimeweka wapi, mbwa alalie sponji yenye kumbukumbu! Nikaangalia bei, nikamrudishia simu kwa mikono miwili.

Ndipo nikaenda mwenyewe madukani, na masharti ya bwana mifugo kichwani. Liwe gumu kiasi, kwa sababu likiwa laini mno mbwa anazama na kutoka hawezi. Inchi 4 angalau. Lisiwe na kingo za kuruka. Kulipima: piga goti juu yake, goti likifika chini, nyonga ya mbwa nayo itafika.

Godoro la kwanza goti lilipita kama kwenye mkate wa maziwa, likagonga sakafu. La pili hivyo hivyo. Nimepiga magoti duka zima, mtu angepita angedhani naomba mkopo. Muuzaji, kijana mmoja mpole sana, akanionea huruma.

"Bosi, godoro ni la nani?"

Sasa wewe mbele za watu utasema la mbwa? Nikasema, "La mgonjwa."

"Pole sana. Anaumwa nini?"

"Nyonga."

"Ni mzee wako?"

"Ni mlinzi wetu. Tumekaa naye miaka 11."

Kijana akashika kifua. "Bosi una roho. Wengine mlinzi akizeeka wanamfukuza. Na mshahara unamlipa?"

"Anakula kwetu."

"Ana kilo ngapi, nijue nikupe sponji gani?"

"Arobaini na moja."

"Masikini! Kaisha!"

"Bwana mifu... daktari anasema apungue kidogo."

Hapo akanyamaza akinitazama. Nikakohoa. Akaniletea hai-densiti, inchi 4, futi mbili na nusu kwa sita. Nikapiga goti: likakaa juu, limetulia. Nilitaka kubaki pale pale. Nikamwambia akate, abakize futi nne.

"Futi nne, bosi? Miguu?"

"Anajikunja."

"Anakojoa kitandani? Maana ingebidi tuweke nailoni."

"Hapana. Anakojoa kwenye tairi la gari la jirani."

"Ugonjwa mbaya huu," akasema, na akanipunguzia elfu tano, mchango wake kwa mgonjwa. Akataka na kulileta mwenyewe amjulie hali. Nikasema daktari kazuia wageni. Nikapanda bodaboda na godoro kichwani, namba yangu ya simu nimemwachia kwa ajili ya warantii.

Fundi cherehani akashona foronya yenye zipu, ivuliwe na kufuliwa, ndani yake nailoni. Chini nikabandika vipande vya tyubu ya baiskeli lisiteleze. Tukalitandika bandani. Kamanda akalinusa, akalizunguka, akalala pembeni yake. Kwenye saruji! Neema akasema anataka harufu anayoijua, akaenda chumbani akachukua sweta langu la kijivu, lile pekee lisilo na tundu, akalitandika juu. Kamanda akapanda, akajinyoosha, akakoroma mpaka saa mbili asubuhi. Zile futi mbili zilizobaki nilizitaka nizikalie. Mama Neema kazifanya mito ya sofa.

Juzi, kama wiki tatu hivi tangu nilinunue, simu ikaita nikiwa bondeni nagombania blanketi.

"Bosi, ni mimi wa magodoro. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Afadhali. Jana kaamka mwenyewe, kaenda mpaka getini."

"Alhamdulillahi! Anakula?"

"Anakula mpaka cha watoto."

"Mpe salamu zangu sana, mwambie nimemwombea."

Ahadi ni ahadi. Nikavaa kandambili, nikatoka na baridi ile, nikainama mlangoni kwa banda, goti likalia kah.

"Kamanda. Unasalimiwa na kijana wa magodoro."

Akafungua jicho moja, akapiga mkia mara moja juu ya sweta langu, akalifunga.