Kirusi cha uzi na viazi vya Uporoto

Mkulima wa Uporoto, kwenye milima ya Mbeya, akishuku mnyauko hukata shina la kiazi na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Ukishuka utomvu mweupe kama nyuzi za maziwa, basi Ralstonia, bakteria anayesababisha mnyauko, ameshaingia shambani, na hakuna dawa ya kupulizia itakayomtoa. Kwa hiyo mtu akisema kuna virusi vinavyoshambulia bakteria, na kwamba vingeweza kutumiwa kukinga viazi, lazima asikilizwe. Tatizo ni kwamba si vyote vinaua.

Virusi vya familia ya Inoviridae vina umbo la uzi. M13, kinachojulikana zaidi, kina urefu wa takriban nanomita 900 na upana usiozidi 7. Havimpasui bakteria, hutoka kimoja kimoja kupitia utando wake, naye anaendelea kuishi na kuvizalisha. Ni mpangaji asiyebomoa nyumba, ila anaweza kumbadilisha tabia mwenye nyumba.

Wanaovitetea wana la kuonyesha. Watafiti wa Japani waliambukiza Ralstonia kirusi kiitwacho RSM3, na bakteria wakapunguza ute ule unaoziba mishipa ya maji ya mmea. Nyanya zilizopewa bakteria hao hazikunyauka. Tena, baadaye zilistahimili Ralstonia wakali, kama zimechanjwa.

Wanaovihofia hutaja kipindupindu: mwaka 1996 wanasayansi Waldor na Mekalanos walionyesha kuwa jeni za sumu yake hubebwa na kirusi cha uzi. Hoja hiyo inatisha, hasa ukiisemea Kyela, ambako kipindupindu kinajulikana, lakini naiona ya kuonea. Bakteria yule ni mwingine na kirusi chake ni kingine. Hoja yenye uzito ni ya kirusi kiitwacho RSS1. Hiki nacho ni cha uzi, kinamwingia Ralstonia yuleyule, lakini kilimwongezea ukali na nyanya zikanyauka mapema zaidi.

Mimi naegemea upande wa tahadhari, na sababu yangu ni mbegu. Nyanya hupandwa kwa punje, kiazi hupandwa kwa kiazi. Kwenye baridi ya milimani kiazi hubeba Ralstonia bila kuonyesha dalili, kikapakiwa kwenye gunia na kwenda kunyaukia shamba la mtu mwingine kule chini kwenye joto. “Chanjo” ya bakteria hai ingesafiri kwenye gunia hilohilo. Wanaoitaka wangeanzia kwenye banda lililofungwa, pale kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kwa mfano, wakijaribu viazi badala ya nyanya, kisha wavune, wapande tena mazao hayo, na kuhesabu vilivyobeba bakteria msimu wa pili na wa tatu.