Orodha ya Wakuu wa Mkoa wa Mwanza isiishie kwenye miaka

Ofisi nyingi za serikali zina ubao ukutani wenye majina ya waliotangulia: jina, mwaka wa kuanza, mwaka wa kumaliza. Kwa Mwanza, ubao wa namna hiyo unapotosha, na mwaka 2021 peke yake unatosha kuonyesha hivyo. Mwaka ulianza John Mongella akiwa Mkuu wa Mkoa. Mei akahamishiwa Arusha, akaletwa Albert Chalamila kutoka Mbeya. Juni 11 uteuzi wa Chalamila ukatenguliwa, akaja Robert Gabriel. Adam Malima alifuata Julai 2022, Amos Makalla Mei 2023, Said Mtanda 2024. Ukiandika miaka tu, Chalamila atasomeka "2021–2021", na msomaji wa kesho hatajua kama alikaa wiki chache au miezi kumi.

Dawa ni kuandika tarehe kamili, tena zaidi ya moja: siku uteuzi ulipotangazwa, siku ya kuapishwa pale kiapo kinapohusika, na siku ya makabidhiano ya ofisi. Magazeti hushika ya kwanza. Mimi ningeitegemea ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayosema nani alikuwa mezani jambo fulani lilipoamuliwa.

Tukirudi nyuma, mambo yanazidi kuharibika, maana watu huunganisha vyeo visivyo ndugu. Mjerumani alianzisha kituo chake Mwanza mwaka 1892, na mkuu wake alikuwa wa wilaya, chini ya gavana aliyekaa Dar es Salaam. Waingereza waliuteka mji Julai 1916. Majimbo yalikuja 1926 chini ya Gavana Donald Cameron, na Mwanza na Bukoba yalikuwa majimbo mawili hadi 1932, yalipounganishwa kuwa Jimbo la Ziwa. Kwa hiyo Kamishna wa Jimbo wa miaka ya hamsini alitawala kutoka Mwanza eneo lililofika hadi Musoma, Maswa na Shinyanga. Ndiyo maana mwaka 1958 wananchi wa Geita, wakipinga baraza la wilaya la rangi zote, waliandamana hadi Mwanza: Kamishna huyo ndiye aliyekuwa bwana mkubwa wao.

Mwaka 1962 cheo kikabadilika kabisa. Mtumishi wa kikoloni akaondoka, akaingia Mkuu wa Mkoa, mwanasiasa aliyekuwa pia katibu wa TANU wa mkoa. Baadaye eneo nalo likapungua: Machi 2012 Geita ikawa mkoa, na Busega, iliyokuwa sehemu ya Magu, ikaenda Simiyu. Mwanza ikabaki na wilaya saba: Nyamagana, Ilemela, Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema na Ukerewe. Anayelinganisha kazi ya Mkuu wa Mkoa wa 2005 na wa 2022 bila kutaja mpaka huo analinganisha mikoa miwili tofauti.

Mtego mwingine ni sahihi zinazotiwa kwenye barua. Kamishna Mwingereza alikwenda likizo ndefu kwao, na barua zikatiwa sahihi na kaimu. Ukiokota jina kwenye barua moja ya zamani ukaliweka kwenye orodha, huenda umempandisha cheo aliyeshikilia kiti kwa muda tu. Leo kuna "Kny:", yaani "kwa niaba ya", na barua nyingi za mkoa hutoka kwa Katibu Tawala, si kwa Mkuu wa Mkoa. Huyo Katibu Tawala ndiye mtendaji mkuu wa sekretarieti chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, na ningemwandika sambamba na kila Mkuu wa Mkoa, kwa kuwa wakuu wanapopokezana haraka hivyo, faili linabaki kwake.

Sheria hiyohiyo inampa Mkuu wa Mkoa uwezo wa kuagiza mtu akamatwe, lakini aandike sababu, na mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Tarehe isiyo na uhakika hapo si jambo dogo: amri iliyotolewa siku ambayo mtoaji hakuwa tena na cheo haina miguu.

Kwa anayetaka kuanza kazi hii: aanze na Gazeti la Serikali kwa teuzi, kisha vitabu vya wilaya vya Waingereza vilivyohifadhiwa Nyaraka za Taifa. Kila jina lipewe safu ya cheo, ya eneo, ya tarehe na ya "kaimu au kamili". Pasipo ushahidi, safu iachwe wazi.