Sikio Likikauka, Je, Limepona?

Walimu wengi wa shule za msingi Moshi wanamjua mtoto huyu. Sikio lake linatoa usaha, wenzake hawataki kukaa naye dawati moja kwa sababu ya harufu, na akiitwa jina hageuki mpaka aitwe mara ya tatu. Nyumbani Kibosho bibi anasema, "Mwacheni mjukuu wangu, akikua litakauka lenyewe." Kwenye duka la dawa muhimu mama anapewa vidonge vya amoksisilini. Muuguzi wa zahanati anamwambia asafishe kwa pamba basi. Daktari wa masikio, pua na koo, akifikiwa, anaandika matone ya siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria. Mama arudi nyumbani na neno la nani?

Ugonjwa wenyewe ni huu: kiwambo cha sikio, yaani utando mwembamba ulio ndani yake, kimetoboka na usaha unatoka kupitia lile tundu. Shirika la Afya Duniani huuita sugu usaha ukidumu wiki mbili au zaidi, na mwaka 2004 lilikadiria kwamba watu kati ya milioni 65 na 330 duniani wanao, asilimia 60 kati yao wakiwa wamepungukiwa usikivu kwa kiwango cha kuwasumbua. Mara nyingi bakteria anayekutwa kwenye usaha huo ni wa jamii ya Pseudomonas, na amoksisilini haimwezi. Kwa hiyo vidonge vile vya dukani tuviweke kando mapema.

Lililobaki lilipimwa kwa jirani zetu wa Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uliwachukua wanafunzi wa shule za Kiambu wenye masikio ya usaha, ukawagawa makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi moja lilikaushwa masikio na kupewa viuavijasumu (dawa za kuua bakteria), vya matone na vya kumeza, pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe. La pili lilikaushwa tu. La tatu halikutibiwa. Baada ya wiki 16, masikio yalikuwa yamekauka kwa asilimia 51 ya kundi la kwanza. Kundi la kukaushwa tu? Asilimia 22. Na wale ambao hawakutibiwa? Asilimia 22 vilevile.

Namba hizo zinanigusa kila nikizisoma. Bibi wa Kibosho hakusema uongo, maana mtoto mmoja kati ya watano hivi sikio lake lilikauka bila dawa. Tatizo ni wale wanne. Anayeumia zaidi na matokeo haya ni muuguzi, kwa sababu pamba yake ikiwa peke yake haikuzidi kutofanya chochote. Hata hivyo sikubali kwamba pamba haina kazi. Tone likidondokea juu ya usaha halifiki kwenye ugonjwa, kwa hiyo kusafisha ni kuifungulia dawa njia. Wapo pia wanaosema, na wana haki, kwamba kundi lililofanya vizuri lilipewa dawa kadhaa kwa mpigo, hivyo hatujui ni ipi iliyolikausha sikio.

Swali la dawa ipi lilijibiwa kwa kiasi mwaka 2005, tena Kenya. Watoto 427 waligawanywa: wengine matone ya siprofloksasini, wengine asidi ya boriki, dawa ya kuua vijidudu, iliyochanganywa na spiriti. Wiki mbili baadaye asilimia 59 ya waliopata siprofloksasini walikuwa wamekauka, dhidi ya asilimia 32 ya wenzao wa boriki.

Wanaoitetea boriki nao wana hoja nzito. Ni rahisi kutengeneza, haihitaji kiwanda kikubwa, na bakteria hawaizoei haraka kama wanavyozoea viuavijasumu. Siprofloksasini ni dawa tunayoihitaji kwa magonjwa mengine pia, na hofu ya usugu wa dawa ni ya kweli. Mimi naona hofu hiyo ni kubwa kwa vidonge kuliko kwa matone, kwa kuwa tone huweka dawa pale pale penye ugonjwa kwa kiwango ambacho kidonge hakikifikii. Tena spiriti ndani ya sikio lililotoboka huchoma, na mtoto aliyechomwa leo hamkubalii mama yake kesho. Ningeanza na siprofloksasini, na boriki ningeiacha iwasubiri wale ambao matone hayo hawayapati kabisa. Gentamaisini ya matone, ambayo wengine huinunua bila kuuliza, nisingeitia kwenye sikio lenye tundu, kwa sababu dawa za jamii yake zinaweza kuharibu usikivu wenyewe.

Lakini kuna jambo linalonisumbua kuliko mabishano ya matone. Katika utafiti ule wa Kiambu, viwambo vilivyojifunga vilikuwa vichache katika makundi yote, na dawa haikuleta tofauti ya maana hapo. Yaani sikio lilikauka, tundu likabaki. Mtoto huyo akienda kuoga mtoni Karanga, au akipata mafua msimu wa baridi wa Juni na Julai, usaha unarudi. Wazazi husema "dawa imeshindwa", kumbe dawa ilimaliza kazi yake na mlango ukaachwa wazi. Kuuziba ni kazi ya upasuaji, ambapo daktari huchukua utando kidogo kutoka juu ya msuli wa pembeni mwa kichwa na kuutumia kama kiraka. Kwa Kanda ya Kaskazini, hospitali ya rufaa ni KCMC iliyopo Moshi, na kwa familia ya Rombo au Same safari hiyo ni nauli, siku za kazi zilizopotea na kulala mjini.

Ndiyo maana natamani tafiti zijazo zisiishie kwenye wiki mbili. Ziulize mtoto anasikia vipi baada ya mwaka, na usaha umerudi mara ngapi. Na muuguzi wa zahanati, wakati hayo yakisubiriwa, amfundishe mama kukausha kwa kitambaa safi kilichosokotwa kabla ya kila tone, amwambie sikio lisiingie maji, halafu ampangie tarehe ya kurudi hata kama limekauka. Siku hiyo asimame nyuma ya mtoto, alizibe kwa kidole lile sikio lisilo na ugonjwa, anong'one neno moja, aone kama atalirudia.